TV Haikuoni

Kabla lami haijafika Sumbawanga, PlayStation ilikuwa imeshafika. Ilipandishwa basi Mbeya, ikapita Tunduma, ikarushwarushwa kwenye vumbi kwa zaidi ya kilomita 200, Laela ikaachwa nyuma, na stendi ikashuka imeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Lami ya kutoka Tunduma ilikuja baadaye, kwa msaada wa Marekani kupitia mfuko wa Millennium Challenge, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wakati huo sisi tulishakuwa wakongwe wa pedi.

Banda nililolijua mimi lilikuwa mtaa wa Majengo. Kuta za mbao, bati juu, benchi mbili, na TV mbili za chogo zilizokaa juu ya meza moja kama mafahali kwenye zizi dogo. Mashine ilikuwa PlayStation 2, iliyochokonolewa ili isome diski za kuchoma. Mechi moja shilingi mia mbili. Sumbawanga iko juu, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa mwezi wa saba ukipiga uwanda wa Ufipa hauna simile. Tulicheza na makoti, tukipuliza viganja kila mpira ulipotoka nje. Umeme wenyewe ulitoka Zambia, ukavuka mpaka kutokea Mbala, kwa kuwa mkoa wetu wa Rukwa haukuwa umeunganishwa na gridi ya Taifa. Ukikatika dakika ya themanini unaongoza mbili bila, hapo ndipo ungejua nani ana sauti: mwenye banda, aliyelipa, au anayesubiri zamu.

Lakini nililokusudia kusimulia ni shingo. Gari likikata kona kwenye gemu ya mashindano, benchi zima lililala upande. Winga akikimbia na mpira kuelekea ukingo wa kioo, watoto walinyoosha shingo, kana kwamba wakichungulia kwa pembeni wangeona kilichoko nyuma ya fremu ya TV. Ngumi ikirushwa, aliyeshika pedi aliinamisha kichwa. Mwenye banda, mzee wa makamo aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima, alikuwa na kauli yake moja: "Dogo, kaa sawa. TV haikuoni."

Alikuwa sahihi. Mashine ile ilisoma vidole tu. Kichwa, kiuno na mabega vilicheza bure. Wakati huohuo huko mbali walikuwepo watu waliokwisha kutumia zaidi ya miaka arobaini kutafuta mashine itakayosoma shingo, na mmoja wao, kama tutakavyoona, alikuwa karibu na banda letu kuliko tulivyodhani.

Mambo yalianza na kamera. Mwaka 1961 wahandisi wa kampuni ya Philco ya Marekani walitengeneza kofia waliyoiita Headsight. Ndani yake kulikuwa na kioo kidogo cha televisheni mbele ya macho, na kamera iliwekwa chumba kingine. Mvaaji akigeuza kichwa, sumaku zilipima mgeuko huo na kamera nayo ikageuka. Hakukuwa na mchezo wowote humo. Nia ilikuwa mtu aweze kutazama mahali pa hatari bila kwenda mwenyewe.

Miaka hiyohiyo kampuni ya Bell Helicopter ilikuwa ikijaribu kitu cha aina hiyo kwa marubani. Ivan Sutherland, mhandisi tutakayekutana naye sasa hivi, amesimulia jaribio moja la huko. Mtu aliketi ndani amevaa kifaa, kamera ikiwa juu ya paa, ambako wenzake wawili walikuwa wakirushiana mpira. Mmoja akaurusha kuielekea kamera. Yule aliyeketi ndani, salama kabisa, akainama kuukwepa. Kila nikikumbuka kisa hicho naona benchi la Majengo. Tofauti ni kwamba jamaa alipoinama, kamera ya juu ya paa iliinama pamoja naye. Mashine ilimwona.

Sutherland aliondoa kamera akaweka kompyuta mahali pake. Mwaka 1968, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wanafunzi wake, akiwamo Bob Sproull, alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani chenye viooluninga viwili vidogo, kimoja kwa kila jicho. Kilichoonekana ndani yake kilikuwa mistari mitupu: mchemraba wa nyuzi za mwanga unaoelea hewani katikati ya chumba. Ukisogea kulia uliuona ubavu wake wa kulia. Ukiinuka uliuona kwa juu. Kompyuta ilikuwa ikiuchora upya kila kichwa kilipohama.

Ili ijue kichwa kiko wapi, mkono wa chuma ulishuka kutoka darini ukafungwa kwenye kifaa, nao ulijikunja na kujikunjua kumfuata mvaaji. Mkono huo ndio uliopewa jina la upanga wa Damokles, yule mtu wa hadithi za kale aliyeketishwa kwenye karamu huku upanga ukining'inia juu ya utosi wake kwa unywele mmoja. Utani wa wahandisi hauna dini. Ila utani ule ulieleza tatizo lote: kukichora kichemraba kulikuwa kugumu, lakini kukijua kichwa kilipo kulikuwa kugumu zaidi, na kwa nusu karne iliyofuata mafundi walihangaika na hilo la pili.

Jeshi lilipita hapo haraka, kama kawaida yake. Miaka ya 1980 rubani wa helikopta ya Apache aligeuza kichwa, na mtutu ulio chini ya ndege ukageuka naye. Michezo ilifuata mwaka 1991, kampuni ya Virtuality ya Leicester, Uingereza, ilipoingiza mashine kubwa kwenye kumbi za burudani: mchezaji anasimama ndani ya duara, anavaa kofia nzito na kuwasaka wenzake katika ulimwengu wa rangi bapa. Hayo pia yalikuwa mabanda ya gemu, ukitaka, ila ya wenye nacho.

Kisha Sega, kampuni ya gemu, wakaamua kuipeleka teknolojia hiyo nyumbani. Mwaka 1993 walionyesha miwani ya Sega VR, ya kuunganishwa na mashine yao ya Mega Drive, wakatangaza bei ya dola 200. Magazeti yalishangilia. Mwaka uliofuata mradi ukafa na miwani haikuuzwa hata moja. Maelezo ya waliokuwemo ni kwamba waliojaribu waliumwa kichwa na kusikia kichefuchefu.

Hapa inafaa tutulie, maana ndipo ufundi wote ulipo. Panda gari Ntendo ushuke Muze, kwenye ule ukuta wa bonde la Rukwa tunaouita Lyamba lya Mfipa. Njia inashuka kwa kona juu ya kona. Ukitazama mbele, utafika salama. Ukiinamia simu kusoma ujumbe, kona ya tatu mate yanajaa mdomoni. Sababu ni kwamba ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, kila mmoja umeelekea upande wake, na kazi yake ni kumjulisha mtu kichwa kinavyogeuka. Sikio linasema tunazunguka. Jicho lililo kwenye simu linasema tumetulia. Mwili ukipata mashahidi wawili wanaopingana, huenda unadhani umekula sumu, na unataka kuitapika.

Miwani ya video huleta ugomvi uleule kwa mlango mwingine. Umegeuza kichwa, sikio limeshatoa taarifa, lakini picha imechelewa. Wataalamu wa leo hutaka picha ifuate ndani ya milisekunde 20 hivi, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Mashine za mwaka 1993 hazikuwa na mbio hizo. Nintendo, walipotoa Virtual Boy yao mwaka 1995, hawakuthubutu kuifuatilia shingo kabisa: kifaa kilisimama mezani kwa miguu yake, mchezaji akakiinamia kama anayechungulia chungu, na picha zote zilikuwa nyekundu juu ya weusi. Iliuzika chini ya milioni moja na mwaka uliofuata ikaachwa. Kwa maoni yangu ilistahili.

Sasa tufike kwa yule niliyesema alikuwa karibu nasi. Mwaka 2002 Sony iliuza, Japani peke yake, miwani ya video iliyoitwa PUD-J5A. Ilikuwa nyepesi ukilinganisha na kofia za zamani, yenye viooluninga vidogo mbele ya macho na vihisio vya kusoma mgeuko wa kichwa. Gemu zilizoielewa zilikuwa chache sana, mojawapo Energy Airforce ya kampuni ya Taito, ambayo ni ya ndege za kivita: unageuza shingo kutazama nje ya dirisha la rubani. Na mashine iliyochomekwa ilikuwa PlayStation 2. Mashine yetu ileile ya Majengo, yenye mwili mweusi na taa ya kijani.

Anayeifahamu PlayStation 2 atakumbuka matundu mawili madogo ya USB usoni, upande wa kushoto, chini ya mahali pa kuchomeka pedi. Taarifa za kichwa ziliingilia hapo. Sony ilisema imeuza zaidi ya mashine milioni 155 za aina hiyo duniani, na kila moja ilikuwa na matundu hayo. Katika banda letu yalikaa yamejaa vumbi miaka kadhaa, hadi simu zenye waya wa USB zilipoingia mjini. Ndipo mwenye banda akagundua kwamba yanatoa umeme, akawa anachajia simu yake humo mchana kutwa. Hayo ndiyo matumizi pekee niliyoyashuhudia. Sikuwa na habari kwamba tundu lile lilikuwa sikio, na kwamba lilikuwa tayari kusikiliza shingo zetu kama kungekuwa na wa kulisemesha.

(Msomaji wa Dar anayengoja utani wa uchawi kwa kuwa tunaongelea Sumbawanga, anisamehe. Jina la mji lenyewe, kwa Kifipa, humwambia mgeni autupe uchawi wake kabla ya kuingia. Tumeutupa. Tuendelee.)

Ajabu ni kwamba aliyeelewa kwa usahihi kabisa watoto wa banda walichokuwa wakikitafuta hakuhitaji hata kiooluninga cha kuvaa. Desemba 2007, Johnny Lee, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, alichukua rimoti ya Nintendo Wii, ambayo puani ina kamera ndogo ya kuona mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho unaotumiwa na rimoti za TV. Kwa kawaida mchezaji huishika rimoti hiyo na kuielekeza kwenye taa mbili zilizokaa karibu na TV. Lee aligeuza mambo. Rimoti akaiweka chini ya TV ikimtazama yeye, na taa mbili akazifunga kwenye miwani ya kawaida ya fundi, ile ya kukinga macho.

Basi. Vitu vya bei ndogo na programu aliyoiandika mwenyewe. Taa mbili zikionekana ziko mbali mbali, kompyuta inajua mtu amesogea karibu. Zikihama kushoto, kichwa kimeenda kushoto. Kwa hesabu hiyo alibadilisha picha kiasi kwamba kioo cha TV kikawa kama dirisha. Ukichungulia kwa kulia, unaona kilichofichwa upande wa kushoto wa fremu. Shabaha zilionekana kutokeza nje ya TV. Kunyoosha shingo pembeni ili kuona ng'ambo ya ukingo ndilo jambo tuliloambiwa halifanyi kazi, na hapa lilikuwa likifanya kazi kwa taa mbili na miwani ya fundi. Kauli ya mzee wa kofia ya sufu ilikuwa imepitwa na wakati, ingawa habari hizo hazikumfikia.

Kilichoyafikisha mambo haya kwa watu wengi ni simu. Wazee wa Ufipa walipoyeyusha chuma hawakukipata kwa tanuru moja. Lilikuwepo ilungu, refu kuliko mtu, lililovuta upepo lenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilikuwa bonge lenye taka, nalo likapelekwa kwenye tanuru dogo la pili, la mivukuto, kusafishwa, ndipo mhunzi akapata chuma cha kufulia jembe. Miwani inayofuata kichwa nayo ilitoka kwa Sutherland na jeshi ikiwa bonge zito na ghali, na simu zikawa tanuru la pili. Watengenezaji wa simu walitaka picha ijipindue simu inapolazwa, wakatia kihisio cha mwinamo. Mwaka 2010 Apple ikatia jairoskopu ndani ya iPhone 4, na wengine wakafuata. Jairoskopu ya simu ni kipande kidogo cha silikoni kinachotetemeka, na kazi yake ni ileile ya mifereji mitatu ya sikioni. Ilipoanza kutengenezwa kwa mamilioni, bei ikaanguka, na vioo vidogo vyenye picha safi vikaanguka nayo.

Mwaka 2012 kijana wa California, Palmer Luckey, aliomba michango mtandaoni ili atengeneze miwani ya Oculus Rift kwa vipande vya namna hiyo. Alipata dola milioni 2.4. Machi 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2. Miezi michache baadaye Google ikaonyesha Cardboard, ambayo ni boksi la karatasi ngumu, lenzi mbili, na nafasi ya kutumbukiza simu yako. Tarehe 13 Oktoba 2016 Sony nao wakarudi, safari hii kwa dunia nzima, na PlayStation VR ya PlayStation 4: taa tisa zimezunguka kifaa, kamera juu ya TV inazifuata, vihisio vya ndani vinasaidia. Ni wazo la Lee la taa na kamera, limevalishwa suti.

Bei yake ilikuwa dola 399, bila kamera. Kwa shilingi za wakati huo ni zaidi ya laki nane. Nilipiga hesabu kwa kipimo chetu cha mia mbili kwa mechi: zaidi ya mechi elfu nne, kabla hujanunua mashine yenyewe.

Hata hivyo sidhani kwamba bei peke yake ndiyo iliyoizuia kuingia mabandani. Banda haliishi kwa anayecheza. Linaishi kwa benchi: anayengoja zamu, anayetabiri matokeo, anayemfundisha mwenzake kwa kelele kuliko anavyojua mwenyewe. Miwani humfungia mmoja gizani na kuwaacha wengine wakitazama mtu anayegeuza kichwa kama kuku aliyesikia kitu. Sony walilijua hilo, wakaruhusu picha ionekane pia kwenye TV, lakini ladha ya kucheza mabega kwa mabega haimo. Halafu kuna jasho, la vichwa arobaini kwa siku kwenye sponji moja. Na kuna sharti la Sony wenyewe kwamba asiyefika miaka 12 asiivae. Mwenye banda la Majengo angelifuata sharti hilo, nusu ya wateja wake wangerudi nyumbani kuchunga wadogo zao.

Afrika Mashariki miwani ya aina hiyo iliingia kwa mlango wa filamu zaidi kuliko wa gemu. Nairobi kuna BlackRhino VR, kampuni iliyoanza mwaka 2015 kutengeneza picha za pande zote, na mwaka 2017 Ng'endo Mukii, mtengenezaji filamu wa Kenya, alitoa Nairobi Berries, filamu fupi ambayo mtazamaji mwenyewe ndiye anayechagua kwa shingo yake atazame upande gani wa jiji.

Kwetu Ufipa kilichoingia ni kile kipande cha silikoni, bila miwani. Nilipita Sumbawanga karibuni, nikakaa na vijana watatu nje ya duka la vocha, wamejikunyata kwa baridi, kila mmoja na gemu ya bunduki ya PUBG Mobile kwenye simu yake. Mmoja alikuwa amewasha jairoskopu kwenye mipangilio: simu akiiinamisha kidogo, mtutu unahama. Viganja vyake vilikuwa vikifanya kazi ambayo shingo zetu ziliifanya bure. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Sikufundishwa, mzee," akasema bila kuinua macho. "Nilikuwa nainamisha tu kabla hata sijaiwasha."

Ukitaka kujua kama nawe unatembea na kipande hicho mfukoni, fungua YouTube kwenye simu, tafuta video yoyote ya nyuzi 360, kisha simama na ujizungushe polepole simu ikiwa mbele ya uso. Picha ikigeuka pamoja nawe, kilichobaki ni boksi gumu na lenzi mbili zenye urefu wa fokasi wa milimita 45. Isipogeuka, simu yako haina jairoskopu. Azima ya jirani.